Kitoweo na Mizani

Wali ni chakula. Ugali ni chakula, na ndizi, na muhogo. Nyama si chakula bali ni kitoweo, na tofauti hii kila mtoto wa pwani huijua kabla hajajua kuhesabu vidole vyake. Samaki ni kitoweo. Kuku, dagaa, maharage, kunde, mayai, kisamvu kilichoungwa kwa nazi, hata mchicha wa siku ya dhiki, vyote huingia katika neno hilo moja na kukaa humo kama ndugu wa tumbo moja, baadhi yao matajiri na baadhi yao mafukara. Mtu aulizapo asubuhi, "Leo kitoweo gani?" huwa hakuulizia nyama wala samaki, ameulizia kitu kitakachoushusha ugali wa siku ile kwa fedha zilizopo siku ile. Swali lake ni swali la uchumi, na halikuanzia katika chuo chochote.

Swali hilo lilikutana na ndugu yake wa vitabuni mbele ya bucha moja katika mitaa ya Kariakoo, mjini Dar es Salaam. Ndugu wa vitabuni aliletwa na kijana wa chuo kikuu, mwanafunzi wa uchumi, ambaye kazi yake ya shahada ilikuwa kupima mahitaji ya nyama kwa walaji wa katikati ya mji. Alikuwa na karatasi za maswali chini ya kwapa na kalamu mbili mfukoni, maana aliambiwa kwamba kalamu hukauka wino pale pale mtu mwenye maneno mazuri anapofungua kinywa. Mtu wa kwanza kukubali kuulizwa alikuwa mama wa makamo, mkazi wa Gerezani, aliyekuja na kikapu mkononi na noti zake katika fundo la kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, mama. Naomba nikuulize maswali machache ya masomo yangu. Kwa wiki moja, nyumbani mnanunua kilo ngapi za nyama ya ng'ombe?"

Mama alicheka kidogo, cheko lisilo la dharau. "Kilo? Mimi sinunui kilo, mwanangu. Nanunua nyama ya elfu tatu."

"Na elfu tatu ni kiasi gani?"

"Muulize huyu," akasema, akimwonyesha muuza nyama kwa kidevu. "Yeye ndiye mwenye mizani. Mimi najua elfu tatu."

Jibu hilo halikuwa na mahali pa kukaa katika karatasi. Palikuwa na kijumba cha kilo, na kijumba cha bei ya kilo, na hapakuwa na kijumba cha mtu ambaye kwake kilo ni habari ya watu wengine. Kijana aliacha nafasi wazi, na kwa siku kadhaa nafasi ile tupu ilimsumbua kuliko majibu yote aliyoyajaza.

Kariakoo imezoea kuhesabiwa. Jina lake lenyewe ni ukumbusho wa jeshi la wapagazi, Carrier Corps, ambalo Waingereza waliliweka hapo katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na ambalo wenyeji walilitamka kwa ndimi zao mpaka likawa neno la Kiswahili. Miaka ya 1956 na 1957 J. A. K. Leslie aliyachunguza maisha ya wakazi wa mji huu, na kitabu chake kikatoka mwaka 1963. Siku hizo nyama ilipimwa kwa ratili na wakia. Baada yake serikali imezichukua hesabu za mapato na matumizi ya kaya za Tanzania Bara mara nyingi: 1991/92, 2000/01, 2007, 2011/12 na 2017/18. Soko kuu lililochorwa na msanifu Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975 na paa lake la zege mfano wa miamvuli, liliungua Julai 2021. Wafanyabiashara wakatawanyika, lakini watu wa mji hawakuacha kula hata siku moja kwa kungoja paa. Hesabu za karatasini na hesabu za mfukoni zimepita katika mitaa ile ile kwa zaidi ya miaka 60, na aghalabu zimepishana bila ya kuamkiana.

Haifai mtu adhani kwamba elimu aliyoibeba kijana yule ilikuwa elimu ya kipuuzi. Mwaka 1857 Ernst Engel, mtakwimu wa Saksoni, alizipanga hesabu za kaya za wafanyakazi wa Ubelgiji, akaona kwamba kadiri kaya ilivyo maskini ndivyo sehemu kubwa zaidi ya matumizi yake inavyokwenda katika chakula. Kanuni hiyo haijapinduliwa mpaka leo. Mwaka 1890 Alfred Marshall wa Uingereza alilipa jina jambo ambalo kila muuzaji alilijua kwa uzoefu: bei ikipanda watu hupunguza kununua, lakini kila kitu kina namna yake ya kupungua. Wasomi wa Kiswahili wameliita jambo hilo mnyumbuko. Bei ya kitu ikipanda kwa asilimia 10, na kiasi kinachonunuliwa kikapungua kwa asilimia 5, mnyumbuko wake ni nusu; kikipungua kwa asilimia 20, mnyumbuko ni mbili. Chumvi haina mnyumbuko wa kutajwa, kwa kuwa hakuna aliye tayari kula mchuzi usio na chumvi kwa sababu ya senti. Nyama ya ng'ombe inao, na kazi ya kijana ilikuwa kuutafuta ni wa kiasi gani.

Lakini katika kitabu hicho hicho cha Marshall, chapa ya mwaka 1895, pana habari ndogo iliyostahili kusomwa kwa sauti mbele ya kila bucha la Kariakoo. Marshall aliipokea kutoka kwa Sir Robert Giffen, nayo inahusu mkate na nyama. Bei ya mkate ilipopanda, familia za vibarua maskini hazikupunguza mkate. Zilipunguza nyama na vyakula vingine vya thamani, na mkate zikaula zaidi kuliko kwanza, kwa kuwa hata baada ya kupanda bei mkate ulibaki kuwa ndicho chakula rahisi kuliko vyote. Wataalamu walibishana kwa zaidi ya miaka 100 kama jambo hilo lilipata kutokea kweli, mpaka mwaka 2008 Robert Jensen na Nolan Miller walipolionyesha kwa watu maskini wa mkoa wa Hunan, China, katika ununuzi wa mchele. Ubishi huo ulikuwa mzuri, lakini ulitazama upande wa mkate peke yake. Upande wa nyama haukuwa na mbishi: nyama ilitoka chunguni, na bei iliyoitoa haikuwa bei ya nyama.

Mama wa Gerezani aliyasema hayo kwa maneno machache, pasipo kuulizwa. "Sembe ikipanda," alisema, "nyama ndiyo ya kwanza kutoka."

Sasa, kielelezo cha hesabu cha kijana kilikuwa na nyama ya ng'ombe, nyama ya mbuzi, kuku na samaki. Sembe haikuwamo. Wala haikuachwa kwa kusahau. Iliachwa kwa kanuni. Wataalamu hudhani kwamba mnunuzi kwanza hugawa fedha zake mafungu makubwa makubwa, fungu la chakula, la nguo, la kodi ya nyumba. Kisha hurudi katika kila fungu akaligawa tena ndani kwa ndani. Kwa dhana hiyo mtafiti anaweza kulitenga fungu la nyama, akalijengea ukuta, akalichunguza peke yake. Hesabu huwa nyepesi, na takwimu chache hutosha. Ukuta huo Kariakoo umejengwa mahali pasipostahili. Lugha yenyewe ilikwisha kugawa mafungu, chakula upande huu na kitoweo upande huu, na katika fungu la kitoweo mshindani wa nyama ya ng'ombe si nyama ya mbuzi hata kidogo. Mbuzi ni ghali kuliko ng'ombe; anayeshindwa na ng'ombe hamkimbilii mbuzi. Washindani wake ni dagaa na maharage, ambao katika tafiti nyingi za mahitaji ya nyama hawakualikwa. Wamekaa nje ya ukuta, na humo nje ndimo wanamokwenda watu wote wanaoikimbia bei.

Na ukuta wenyewe una tundu kubwa chini, linalopitisha sembe. Fungu la kitoweo ni kile kinachobaki baada ya kununuliwa unga, mkaa na mafuta. Mwaka 1954 Richard Stone, Mwingereza aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1984, alitunga mfumo wa milinganyo unaoikaribia sana hali hii: kila mnunuzi kwanza hujihakikishia kiasi fulani cha kila kitu ambacho hawezi kukipunguza, na fedha zinazobaki ndizo anazozigawa kwa hiari yake. Mtu akiusoma mfumo huo huku akiikumbuka nyumba ya kupanga ya Gerezani huona kwamba Stone alikuwa karibu na kweli kuliko wengi waliomfuata kwa hesabu nzito zaidi. Mwaka 1980 Angus Deaton na John Muellbauer walitunga mfumo mwingine, wakauita karibu kamilifu, nao ndio ulioenea duniani katika kupima mahitaji ya vyakula. Kwa bahati mbaya herufi za kwanza za jina lake la Kiingereza zikasomeka sawa na jina la ugonjwa ulioanza kuripotiwa mwaka uliofuata, na tangu hapo wanafunzi wamelazimika kueleza katika kurasa zao za mwanzo kwamba hawazungumzii ukimwi. Ni mfumo mzuri wenye adabu ya hesabu, lakini hupokea chochote utakachoulisha, na ukilishwa ng'ombe, mbuzi, kuku na samaki utajibu habari za hao wanne tu.

Hata hivyo jambo lililomsumbua kijana zaidi lilikuwa lile la elfu tatu.

Aliporudi chumbani kwake alifanya hesabu ndogo. Kama bei ya kilo ni shilingi 10,000, elfu tatu hupata gramu 300. Bei ikiwa 12,000, hupata gramu 250. Ikiwa 15,000, hupata 200. Katika safari yote hiyo mama ametoa fedha zile zile, na kiasi cha nyama kimepungua kwa uwiano ule ule ambao bei imepanda. Mnyumbuko wa mtu wa namna hii ni moja kamili, wala hahitaji milinganyo kuujua. Ameuamua mwenyewe siku alipoamua kununua kwa fedha badala ya kununua kwa uzito. Hapo kijana alitabasamu, kwa kuwa makala kadhaa alizokwisha kusoma zilitoa majibu yasiyo mbali na moja, na waandishi wake wakaeleza kwa kirefu ladha na mazoea ya walaji. Huenda sehemu ya maelezo hayo haikuhusu ladha. Huenda ilikuwa ni noti tatu za elfu moja moja ndani ya fundo la kanga.

Lakini noti hizo zina mwisho wake. Nyumba ya mama ina watu sita. Gramu 300 ni gramu 50 kwa kila mmoja, nayo ni vinofu viwili na mchuzi. Gramu 200 ni kinofu kimoja na ubishi. Chini ya hapo nyama huacha kuwa kitoweo, maana haigawanyiki tena bila ya kuleta kilio, na mwenye busara huona afadhali isiwepo kabisa kuliko iwepo ya kugombanisha watoto. Siku hiyo mama hapunguzi gramu 10 wala 20, hulipita bucha. Ununuzi wake hushuka kutoka 200 mpaka sifuri kwa hatua moja. Mstari unaochorwa na kielelezo huteremka polepole kama mtu anayeshuka ngazi ameshika ukuta; ununuzi wa mama hukaa palepale kwenye elfu tatu, kisha huanguka. Wakichanganywa akina mama 1,000, kila mmoja na pahali pake pa kuangukia, mstari wa wastani hutoka laini na wa kupendeza, na humo hamna hata mmoja wao.

Sifuri hizo zina taabu yake. James Tobin alionyesha mwaka 1958 namna ya kuzishughulikia hesabu zenye sifuri nyingi, na njia yake hutumika hata leo. Hata hivyo katika dodoso la nyama sifuri si za ukoo mmoja. Iko sifuri ya aliyenunua wiki iliyopita na ambaye atanunua wiki ijayo. Iko sifuri ya aliyeshindwa na bei. Iko sifuri ya nyama ya nguruwe katika kaya ya Kiislamu, ambayo hata ikitolewa bure haitajazwa. Watu wa mji huu waliipa nyama hiyo jina la kitimoto, wakacheka, kila mmoja akabaki na sahani yake. Na iko sifuri ya mzee aliyekatazwa na daktari. Karatasini zote ni duara moja tupu.

Muuza nyama, kwa upande wake, alikuwa na elimu ambayo haikuandikwa popote. Kijana alipomrudia adhuhuri, wakati wateja wamepungua na gogo limekwanguliwa, alimkuta mwepesi wa maneno.

"Kaka, bei ya kilo ukiipandisha, wateja wanafanyaje?"

"Wapo wanaouliza bei, hao wenye magari. Wanakasirika, lakini wananunua kilo zao mbili. Hawa wa elfu mbili, elfu tatu, hawaulizi. Wanatazama mkono wangu. Nikiweka mfupa mkubwa wanajua bei imepanda."

Katika maneno hayo palikuwa na somo zima la shahada. Bei ya nyama Kariakoo haikai katika kibao tu. Hukaa pia katika mfupa. Steki ina bei yake, mchanganyiko wa nyama na mfupa bei yake, utumbo bei yake, na makongoro bei yake, na yote hayo katika vitabu vya takwimu huweza kuandikwa nyama ya ng'ombe. Mtafiti akigawa fedha alizotoa mnunuzi kwa kilo alizopata, haipati bei; hupata bei iliyochanganyika na uteuzi. Tajiri huonekana kana kwamba ameuziwa ghali, kumbe amechagua steki. Maskini, bei ipandapo, huhama kutoka mchanganyiko hadi utumbo, na katika karatasi yake kilo zinabaki zile zile na bei inaonekana kana kwamba haikupanda sana. Deaton aliligundua shimo hili, na katika makala yake ya mwaka 1988 alionyesha kwa takwimu za kaya za Kodivaa namna ya kulipita. Ni kazi ya akili nyingi, na yafaa isomwe na kila mwanafunzi wa Kiafrika kabla hajagawa fedha kwa kilo. Walakini hata Deaton hakuwa na kijumba cha muuzaji anayeongeza mfupa kwa mteja asiyeuliza.

Na nyama nyingine haifiki nyumbani kabisa. Alfajiri, kabla milango ya maduka ya Msimbazi haijafunguliwa, masufuria ya supu ya makongoro na utumbo yamekwisha kuchemka, na wapagazi na mafundi wamesimama wakinywa kwa chapati. Jioni ni zamu ya mishkaki. Karatasi ya kaya humwuliza mama kilichopikwa, naye hujibu kwa ukweli wake wote. Kilicholiwa na baba njiani hakijui, au anakijua na hapendi kukitaja mbele ya mgeni. Kwa hiyo nyumba ambayo katika takwimu imekula nyama kidogo huenda imekula nyingi kidogo kuliko hiyo, lakini imeila kupitia kinywa kimoja. Kijana hakulithubutu swali hili. Alilifikiria, akaliandika pembeni ya karatasi, akalifuta.

Ikabaki taabu ya wakati. Alikuwa ameazimia kukusanya bei za miezi mingi na kuzilinganisha na ng'ombe waliochinjwa. Lakini katika siku za kuelekea Idi bei hupanda, na nyama inayonunuliwa huongezeka. Mtu akiziweka nukta hizo katika mchoro bila ya kufikiri, mchoro utamwambia kwamba watu wa Dar es Salaam hupenda nyama zaidi kadiri inavyokuwa ghali. Kosa hili ni la heshima. Mwaka 1914 Henry Moore, profesa wa Marekani, alipima mahitaji ya chuma ghafi, akaona kiasi kinapanda pamoja na bei, akatangaza kuwa amepata mstari wa mahitaji wa aina mpya. Mwaka 1927 Elmer Working alieleza lililojificha: kila nukta ni mahali ambapo mnunuzi na muuzaji wamekutana, na isipojulikana ni yupi kati yao aliyesogea, mchoro hausemi chochote juu ya mmoja wao.

Dar es Salaam yenyewe imetoa mifano ya pande zote mbili. Mwanzoni mwa mwaka 2007 homa ya Bonde la Ufa iliingia Tanzania, ikaua watu zaidi ya 140 katika miezi michache, na walaji wakaiogopa nyama ya ng'ombe, wakahamia kuku na samaki. Hapo aliyesogea alikuwa mnunuzi, na hakusogezwa na bei. Kinyume chake ni mvua. Mafuriko yanapoivunja reli ya kati huko Kilosa, kama yalivyofanya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, au yanapokata barabara za malori yaletayo ng'ombe kutoka bara, mifugo hupungua katika mnada wa Pugu na machinjioni Vingunguti, hali hakuna mtu wa Kariakoo aliyebadili ladha yake. Ni katika siku kama hizo mtafiti anaweza kumwona mnunuzi peke yake, jinsi anavyojibu bei inapompata. Kijana aliitazama kalenda, akaona kwamba mvua aliyokuwa ameilaani kwa kumlowesha karatasi ndiyo ingekuwa msaidizi wake mkuu.

Yote haya yangekuwa mchezo wa wasomi kama namba zenyewe zingebaki chuoni. Hazibaki. Viongozi wa sekta ya mifugo wamekuwa wakitaja mara kwa mara kwamba Mtanzania hula kilo 15 za nyama kwa mwaka, na kwamba angepaswa kula 50; na kwa kuwa nchi ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, hushangaa kwa nini hali. Mshangao huo huishia katika ushauri kwamba watu wahimizwe kula nyama, kana kwamba kilichokosekana ni hamu. Kilo 15 ni wastani, na wastani huo umebeba mfugaji wa Monduli, mwenye hoteli ya ufukweni, na mama wa elfu tatu, ambaye kwa gramu 300 akizinunua mara mbili kila wiki kwa watu sita hufikisha kilo 5 na kidogo kwa mtu kwa mwaka. Zamani kiwanda cha Tanganyika Packers huko Kawe kilitia nyama ya nchi hii katika makopo kwa walaji wa ng'ambo. Kiwanda kilikufa, jina likabaki kuwa jina la uwanja. Leo nyama hupelekwa nchi za Ghuba, na ni biashara halali yenye faida kwa mfugaji. Lakini anayetaka kujua biashara hiyo ikikua itamfanya nini mlaji wa Gerezani atakwenda kuutafuta mnyumbuko katika makala fulani, ataukuta ni kama moja, atapiga hesabu, na ataandika kwamba ulaji utapungua kwa asilimia chache. Hataandika kwamba baadhi ya nyumba hazitapungua hata kidogo na nyingine zitaanguka mpaka sifuri, kwa kuwa namba aliyopewa haikuambiwa habari hiyo.

Vivyo hivyo katika kipimo cha umaskini. Hesabu za 2017/18 zilionyesha kwamba asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara walikuwa chini ya mstari wa mahitaji ya msingi, na kwa Dar es Salaam ilikuwa asilimia 8 tu. Mama wa Gerezani, kwa matumizi yake, yamkini yu juu ya mstari. Si maskini kwa hesabu ya serikali, na mwenyewe asingekubali kuitwa hivyo mbele ya jirani zake. Wala haifai ahurumiwe kwa sababu ya dagaa, maana dagaa ni kitoweo chenye nguvu, na wapo matajiri wanaoagiza dagaa wa Kigoma kwa hamu. Ajabu iliyopo ni nyingine: dagaa wa Ziwa Viktoria husagwa pia kuwa chakula cha kuku wa kisasa, kwa hiyo mji unapokula kuku zaidi, mama na kuku huwa wanagombea samaki mmoja. Uhusiano huo nao haumo katika kielelezo cha vitoweo vinne.

Kijana alirudi Kariakoo mwezi wa Aprili, mvua zikiwa zimeshika. Bucha lilikuwa wazi na ndoano zake nusu tupu. Alimwona mama kwa mbali akija na kikapu kile kile, akamwamkia muuza nyama kwa kichwa, akapita. Kijana akaitoa karatasi yake, akaandika sifuri mahali panapostahili. Kisha, kwa kuwa alikwisha kuchoka na zile sifuri, akamfuata. Alimkuta mbele ya magunia ya dagaa wa Mwanza, muuzaji akijaza kopo na kulisawazisha kwa kiganja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Bado unaandika tu?"

"Bado, mama."

"Na leo mimi umeniandika nini?"

Kijana alisita, kisha akamwonyesha karatasi. Mama aliitazama ile duara, akamtazama mwenye karatasi.

"Futa," alisema. "Andika dagaa kopo mbili. Na sembe, andika imepanda tangu Jumatatu."

Kijana akaigeuza karatasi upande wa nyuma, ambako hapakuwa na vijumba, akaanza kuandika.